Safari ya Kusini Haiishii Stendi



Zamani mtumishi aliyepokea barua ya uhamisho wa kwenda Kilwa, Liwale au Newala aliisoma mara mbili, kisha akaanza kujiuliza amemkosea nani. Jambo hilo lilisimuliwa maofisini kwa mzaha, lakini mzaha huo ulikuwa na sababu yake. Kusini hapakuogopwa kwa ajili ya watu wake, ambao ni wakarimu, wala kwa kuhofia njaa, maana ardhi ya huko hutoa korosho, ufuta na mihogo, na bahari yake haijapata kumnyima mtu kitoweo. Palipoogopwa ni njiani, na njiani maana yake ilikuwa mto mmoja, Rufiji.

Abiria wa wakati ule walivuka Rufiji kwa pantoni. Kiangazi mambo yalikwenda, ingawa kwa kusubiri. Masika yalipoingia mto uliacha kingo zake ukatanda bondeni, pantoni ikasimama, na mabasi na malori yakapanga mstari kwa siku kadhaa, abiria wakilala chini ya magari na kununua chakula kwa bei iliyopanda kila jioni. Mwenye haraka alitafuta meli. Aliyekosa meli na hakuweza kungoja alizunguka kupitia Morogoro, Iringa, Njombe na Songea, kisha akashuka Tunduru hadi Masasi, mwendo unaozidi mara mbili ule wa njia ya mwambao, na huko Tunduru nako tope lilikuwa likimsubiri. Kwa miezi mingine, basi, mkoa wa Lindi na mkoa wa Mtwara ilikuwa kama visiwa vilivyounganishwa na bara kwa jina tu.

Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilometa moja, lilifunguliwa mwaka 2003, na siku hiyo pantoni ya Rufiji ilistaafu. Yafaa isisahauliwe, hata hivyo, kwamba daraja halikumaliza kazi. Ng'ambo yake kilibaki kipande cha kilometa 60 kati ya Ndundu na Somanga, ambacho kilikuwa kifupi kwenye ramani na kirefu mno kwenye matope. Lami ya kipande hicho haikukamilika hadi katikati ya miaka ya 2010. Zaidi ya miaka kumi abiria alivuka daraja zuri la zege akaingia shimoni. Wapo walimu waliokaa kusini muda wote huo wakiandika barua za kuomba uhamisho, na wapo waliokaa muda huo huo bila kuandika hata moja. Hao wa pili hawajasifiwa vya kutosha.

Leo mambo ni mengine. Mabasi mengi ya kusini huanzia au hupitia Mbagala Rangi Tatu. Abiria anayeondoka alfajiri hupita Mkuranga jua likichomoza, Kibiti na Ikwiriri asubuhi, huvuka Rufiji bila hata kuamka akiwa amesinzia, na mchana humkuta Lindi, yapata kilometa 450 kutoka Dar es Salaam. Kilometa mia moja na kidogo zaidi zinamfikisha Mtwara kabla ya magharibi. Tena tangu mwaka 2023, Serikali ilipoondoa katazo la miaka mingi la mabasi kusafiri usiku, yupo anayefunga ofisi jioni akaamkia kusini. Nauli ya basi hupangwa kwa kilometa na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, na abiria anayeijua hasumbuliwi na kondakta. Kwa safari ya kutoka mji mkubwa mmoja hadi mji mkubwa mwingine, malalamiko ya zamani yamekwisha, na anayeendelea kuyarudia anarudia hadithi ya babu yake.

Lakini ni nani anayesafiri kutoka stendi hadi stendi? Ni mfanyabiashara, na ni ofisa anayekwenda semina. Mwalimu, bwana shamba, mkunga wa zahanati na mtendaji wa kata hawakai stendi. Kwao safari inaanza pale basi linapowashusha.

Chukua mfano wa Nangurukuru. Hapo ndipo njia ya mwambao inapoachana na ile ya kwenda Kilwa Masoko, makao makuu ya wilaya, na ile ya kuingia bara kuelekea Liwale. Anayekwenda Masoko hana taabu: ni mwendo wa kilometa kama 30 za lami, na magari madogo hayakosekani mchana. Anayekwenda Liwale ana zaidi ya kilometa 200 mbele yake, kwa sehemu kubwa katika barabara ya udongo inayopita misituni, na wengi huona afadhali waendelee hadi Lindi, wapande mpaka Nachingwea, ndipo warudi Liwale kwa upande wa pili. Yaani mtu anapita karibu na mlango wa wilaya yake, anauacha, na kuzunguka nyumba nzima ili aingie kwa uani. Wala hafanyi hivyo kwa kupenda kutembea. Amekwisha pima gharama ya kukwama porini.

Na huyo ni wa makao makuu ya wilaya. Mwalimu mpya aliyepangwa katika shule ya msingi iliyoko kata ya ndani hushuka na begi, godoro lililokunjwa na ndoo ya vyombo, na kuuliza gari la kwenda huko. Anaambiwa lipo lori moja, hutoka siku ya gulio. Leo si siku ya gulio. Iko bodaboda.

Kijana wa bodaboda asidharauliwe. Bila yeye wagonjwa wengi wa kusini wasingefika hospitali, na mitihani mingi isingekuwa na wasimamizi. Hata hivyo pikipiki haikuundwa kubeba godoro, ndoo na mwalimu mwenye mimba ya miezi saba katika mchanga wa kilometa 40. Bei yake haina kilometa wala mamlaka. Hupatanwa kichwani mwa barabara, na huongezeka kwa mvua, kwa giza, na kwa uso wa mtu anayeonekana mgeni. Mara nyingi mwalimu hulipa kwa kipande hicho cha mwisho fedha zinazokaribia nauli aliyolipa kutoka Dar es Salaam, na hupewa safari bila risiti. Mhasibu wa halmashauri, naye, hutaka risiti. Hapo ndipo posho ya safari, ambayo kwenye karatasi inamtosha mtumishi, inapogeuka kuwa deni lake mwenyewe.

Kuna watakaosema kwamba simu imepunguza haja ya safari. Ni kweli kwa kiasi chake. Zamani mwisho wa mwezi shule nyingi za vijijini zilibaki na mwalimu mmoja au bila mwalimu kabisa, kwa kuwa wote walikwenda wilayani kufuata mshahara, na aliyekwenda Ijumaa alionekana tena Jumatano. Sasa mshahara unapokelewa benki na kutolewa kwa wakala chini ya mwembe. Lakini mtoto mgonjwa hatumwi kwa simu. Madawati hayasafiri kwa simu. Mkaguzi wa shule anayeandika taarifa bila kufika huandika uongo, na kata anazozifikia mara chache ni zile zile zisizofikika, ambazo ndizo zenye haja kubwa zaidi ya kukaguliwa.

Upande wa bahari nako kuna mengi, na inashangaza kwamba katika mazungumzo ya usafiri wa mwambao, bahari ndiyo inayosahauliwa kwanza. Mjini Lindi kivuko cha Kitunda huchukua muda mfupi tu. Mfanyakazi anayekaa ng'ambo huvuka asubuhi na wanafunzi, wauza samaki na wagonjwa, na kivuko kikiharibika, wale wanaoogopa mitumbwi hubaki kuzunguka mkono wote wa bahari kwa barabara. Mtwara nao wana kivuko chao cha Msangamkuu. Mkazi wa Mafia, kisiwa ambacho ni wilaya kamili ya mkoa wa Pwani, hufika kwa basi hadi Bungu, huingia Nyamisati kwa gari dogo, na hapo ndipo hukutana na saa ya maji. Kivuko cha Serikali, MV Kilindoni, kimempunguzia mashaka ya kuvuka kwa mashua usiku akiwa katikati ya magunia na mbuzi. Ni jambo la kushukuriwa kwa dhati na mtu yeyote aliyewahi kuona bahari ya Mafia wakati wa kusi.

Ila safari ya baharini ya mwambao mzima, kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa, Lindi na Mtwara, imekufa kwa abiria. Meli zilikuwapo miaka mingi, na hadi miaka ya mwanzo ya 2000 mtu aliweza kununua tiketi ya kwenda Mtwara kwa maji. Barabara ilipotengenezwa, meli ikaonekana polepole mno, na biashara yake ikakauka. Hakuna aliyelia sana. Historia ya kusini, hata hivyo, ilikwisha kutoa onyo kuhusu kuacha njia moja kwa kufurahia nyingine. Mradi wa karanga wa wakoloni ulijenga reli iliyofika Nachingwea, na kwa ajili ya karanga hizo hizo ikajengwa bandari ya kina kirefu Mtwara. Karanga zilikataa kuota kwa amri. Reli ikafungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Bandari ilibaki, kwa bahati njema, na miaka ya karibuni imeongezewa gati na kuagizwa isafirishe korosho za kusini ambazo zilikuwa zikivunja barabara kwa malori hadi Dar es Salaam. Laiti reli ingalibaki, leo wakulima wa Nachingwea na Masasi wangalikuwa na maneno mengine.

Hasara ya kutegemea njia moja ilionekana wazi mwezi Mei, mwaka 2024. Kimbunga Hidaya kilifika pwani tarehe 4 ya mwezi huo, na mvua zake zikaikata barabara kuu katika sehemu zaidi ya moja wilayani Kilwa. Mabasi yaliyotoka Dar es Salaam yalisimama upande huu, yaliyotoka Mtwara upande ule, na kati yao maji yakienda baharini kwa kishindo. Abiria walilala barabarani kama walivyolala baba zao wakingoja pantoni. Mafundi walifanya kazi usiku na mchana, njia ikapitika. Mwaka uliofuata, mwezi Aprili, maji yalirudi Somanga na kuikata tena.

Wapo waliochukulia hayo kuwa mapenzi ya Mungu. Mvua ni mapenzi ya Mungu, lakini ukubwa wa kalvati ni hesabu ya mhandisi. Vijito vya vilima vya Matumbi vinashuka baharini na kuvuka barabara hiyo kwa makumi, na vilipimwa kwa mvua za zamani. Maji ya siku hizi hayajui vipimo hivyo. Kujenga madaraja makubwa badala ya makalvati madogo katika kipande cha Somanga ni kazi ya fedha nyingi, nayo imekwisha kuanza kushughulikiwa. Inapoendelea, kuna jambo ambalo halihitaji fedha nyingi hata kidogo, nalo ni kuwa na chombo cha majini kilichopangwa tangu kabla ya masika, ambacho barabara ikikatika kitapakia wagonjwa, dawa na abiria kutoka Kilwa Masoko au Lindi bila kungoja kikao. Gati zipo na bahari ipo, tena manahodha wa Kilwa walikuwa wakifanya kazi hiyo kabla ya Vasco da Gama kuijua njia.

Na jambo jingine, dogo zaidi, linalohusu Nangurukuru na vituo vinavyofanana nayo: Mingoyo, Masasi, Bungu. Basi la Dar es Salaam hufika kwa saa inayojulikana. Gari la kwenda kata za ndani huondoka kwa saa ambayo haijulikani, au huwa limekwisha ondoka nusu saa kabla, likiwa nusu tupu, kwa sababu dereva hakujua kama kuna mtu. Hapa hakuna upungufu wa magari tu, kuna upungufu wa kusemezana. Halmashauri ya wilaya inayotoza ushuru wa stendi kila siku inaweza kuwaita wenye magari hayo machache, wakakubaliana kwamba Jumatatu, Jumatano na Ijumaa gari la kata fulani litangoja basi la mchana. Makubaliano hayo yaandikwe kwa rangi kwenye ubao, ubao usimamishwe mahali penye kivuli. Aliyeshuka na godoro lake atausoma, atajua kama alale hapo au asubiri, na mwenye bodaboda, akijua kwamba mteja wake amesoma, atataja bei nyingine.