BUNDUKI NA AKILI: NANI ANAMPIMA MWENYE KIBALI?

(Mazungumzo na vijana wa Miteja, Kilwa. Tunayachapa ili na vijana wa mjini wayasome.)



Wewe unayesoma haya ukiwa kijiweni Manzese au Buguruni utauliza, Miteja na bunduki wapi na wapi? Subiri kidogo. Mkulima wa huku analala shambani kulinda mihogo yake isiliwe na nguruwe pori. Kwake gobore ni jembe la pili. Na ng'ambo tu ya mto Rufiji ndiko Kibiti, ambako Aprili 13, 2017 polisi wanane waliuawa na silaha zao zikachukuliwa. Watu wa ukanda huu wanaijua bunduki kwa faida yake na kwa msiba wake.

Swali letu ni hili: mgonjwa wa akili aruhusiwe kumiliki bunduki? Wengi mtajibu papo hapo: kichaa apewe bunduki, thubutu! Sheria nayo iko upande wenu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2015 inamtaka mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, asiwe mtu wa vurugu wala mtumwa wa ulevi. Safi kabisa. Lakini timamu siku gani? Siku ya kuomba, au siku zote?

Akili haikai mahali pamoja kama mbuyu. Mtu anapata kibali akiwa mzima. Miaka kumi baadaye biashara imekufa, usingizi umekwisha, anaanza kusikia sauti. Bunduki iko uvunguni. Nani atapiga hodi? Mwaka 2016 kulifanyika uhakiki wa silaha, hata Rais Magufuli alihakiki zake. Vizuri. Lakini huo ulikuwa uhakiki wa silaha. Uhakiki wa mwenye silaha uko wapi?

Tusimwonee mgonjwa pia. Wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu. Wao ndio wanaopigwa mawe na kufungwa kamba. Mei 2022 kule Mwanza mfanyabiashara alimuua mkewe kwa risasi, kisha mwili wake mwenyewe ukaopolewa ziwani. Wivu na hasira havihitaji cheti cha Mirembe. Mnyonge akiongea peke yake njiani anaitwa kichaa. Kigogo akichomoa bastola baa anaitwa mheshimiwa! Huyo naye nani anampima?

Na anayekufa kwanza mara nyingi ni mwenye bunduki mwenyewe. Marekani, nchi yenye bunduki kila kona, zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi wamejiua. Hapa kwetu kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Basi mtu mwenye mawazo hayo atamwambia nani? Ananyamaza, na silaha anayo.

Kwa hiyo nasema hivi. Mgonjwa asikae na bunduki wakati anaumwa, lakini asipigwe muhuri wa wazimu maisha yake yote. Silaha ikahifadhiwe kituoni kwa stakabadhi, arudishiwe daktari akithibitisha amepona. Linawezekana. Mwaka 2022 serikali ilitoa msamaha kwa waliosalimisha silaha haramu kwa hiari. Kama mwenye silaha haramu alipewa mlango wa kutokea, mwenye kibali anayeumwa anyimwe kwa nini?

Tena ombi la silaha huanzia serikali ya kijiji au mtaa. Waliompitisha mtu warudi kumtazama, wamuulize mkewe na jirani zake. Na dawa zipatikane karibu. Mirembe iko Dodoma, mkulima wa Miteja atafikaje?

Nawe kijana, ukiwa na rafiki mwenye silaha, halali, anazungumzia kufa, usicheke ukasema kadata. Waambie ndugu zake na mtendaji, silaha ipelekwe kituoni siku hiyo hiyo, naye apelekwe hospitali. Usingoje mazishi ndipo useme, "Nilimwona amebadilika."