Neno la Kweli na Neno la Kudhani

Neno la kweli hupimika; neno la kudhani hukaa moyoni mwa msemaji. Mwaka 1946 wajumbe watatu wa serikali ya Uingereza walikadiria kwamba Kongwa, katika nchi ya Ugogo, patafaa kwa mashamba makubwa ya karanga. Makadirio yao yaliandikwa kwa tarakimu, nayo yakadhaniwa kuwa kweli. Lakini udongo ule ukikauka huwa mgumu mno, na mvua ni haba. Hayo Wagogo waliyaona kila mwaka. Mpango ukaachwa mwaka 1951, na paundi zaidi ya milioni 30 zimekwisha potea. Basi, mtu akikuletea hesabu nzuri, umwulize kwa adabu: "Bwana, umepima, au wadhani?"