Kumkanda Punda

Wasikilizaji wetu, sisi wa Mchafukoge twaona mikokoteni ikivutwa na watu. Farasi ni nadra, kwani ugonjwa wa ndorobo huwaua. Basi na tumtazame nduguye punda, mchukuzi wa Lamu, ambako hospitali ya punda ilifunguliwa mwaka 1987.

Jioni, shogi likiisha kuondolewa, twaa majani makavu, uyasokote, umsugue mabega na mapaja kwa kufuata manyoya, damu ipate kutembea. Mithali yasema asante ya punda ni mateke. Sisi twaona mateke mengi ni maumivu tu. Mgongoni tumia kiganja kitupu, polepole. Palipo na joto au uvimbe, naye akashtuka, hapo kidonda chaja. Usipakande kabisa. Mpumzishe hata papoe, ukalitazame shogi lilipomkwaruza.