Baba Naye Ni Mzazi

Jioni ya leo twapenda kusema na akina baba, hasa wale ambao wake zao wamekaribia siku za kujifungua. Akina mama nao wasiondoke penye redio. Huenda wakapata jambo la kuwauliza waume zao usiku huu.

Ukitoka hapa kwetu Makadara, ukatelemka mpaka Mji wa Kale na kusimama penye bandari ya majahazi, utaona ng'ambo ya maji, upande wa Nyali. Huko kuna kaburi la Rosina, mke wa Johann Ludwig Krapf, yule Mjerumani aliyetumwa na chama cha CMS. Walikuja kukaa Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Juni mwaka huo Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi wa Julai homa ikaingia nyumbani, ikamwangusha yeye, kisha mkewe. Katika homa hiyohiyo Rosina akajifungua mtoto wa kike. Baada ya siku chache mama akafa, na mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani karibu naye, hata ilimbidi ajikokote ili aone kwa macho yake kwamba mkewe amekata roho kweli.

Sisi wahubiri tukifika hapo huruka upesi. Twaikimbilia barua aliyowaandikia wakubwa wake Uingereza, kwamba kaburi hilo ni alama ya kuwa kazi ya Injili imeanza katika pwani hii. Barua ile ni ya imani, wala hatuipunguzi. Lakini kabla ya barua palikuwa na kitanda, na juu yake alilala mwanamume aliyesikia uchungu wa mkewe asiweze hata kumshikia kikombe cha maji.

Wala huyo hakuwa mtoto wao wa kwanza kumzika. Kabla ya kuja pwani, wakiwa safarini upande wa Habeshi, Rosina alijifungua nyikani, na mtoto yule hakuishi. Walimwita Eneba, maana yake chozi. Mtu anayempa mwanawe jina la namna hiyo hakusimama mbali akingoja kuletewa habari.

Katika kitabu kile alichokuwa akikitafsiri imo habari ya Yakobo, aliyefiwa na Raheli njiani akizaa. Mama, roho ikimtoka, alimpa mtoto jina la huzuni. Baba alilibadili, akamwita Benyamini, kisha akasimamisha nguzo penye kaburi. Yusufu wa Nazareti hatusikii lolote aliloliwaza kule Bethlehemu. Katika Injili zote nne halimo hata neno moja lililotoka kinywani mwake. Twajua tu kwamba alikuwapo, na kwamba usiku ule wa hatari aliamka, akamchukua mtoto na mama yake, akaenda.

Kiswahili chetu kina neno moja, uchungu, kwa maumivu ya kuzaa na kwa majonzi ya moyo. Tena chasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Na baba naye huitwa mzazi. Lakini mara ngapi twamsikia baba akisema, "Hayo ni mambo ya wanawake," akatoka zake kwenda barazani kunywa kahawa?

Kifungua mimba wetu alipokuwa akija duniani, sisi tulikuwa kwenye benchi la hospitali pamoja na makuli wawili wa bandarini na kijana mmoja wa Mji wa Kale mwenye tasbihi mkononi. Sote wanne hatukuwa na la kusema. Kila mlango ulipofunguka tulisimama, na muuguzi akapita bila kututazama, maana alikuwa na kazi nyingi kuliko mikono. Yule kijana ndiye aliyeitwa kwanza. Akaingia kumwadhinia mwanawe sikioni, kama ilivyo desturi ya Waislamu. Twasema kweli, tulimwonea kijicho kidogo: alikuwa na kazi ya kufanya na maneno ya kusema. Sisi Waanglikana tunayo ibada ya shukrani ya mwanamke baada ya kuzaa, iliyomo katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, nayo ni nzuri. Lakini baba hatajwi mle hata mara moja.

Basi kazi ya baba ni ipi? Mtaa wetu waitwa Makadara, na wazee hulitumia neno hilo kwa jambo lililokadiriwa na Mungu. Mama akifa katika uzazi, watu huinamisha vichwa wakasema ndiyo makadara. Ndugu zangu, tuwe waangalifu. Homa iliyoingia nyumbani mwa Krapf, hapakuwa na mtu ulimwenguni aliyejua huletwa na nini. Miaka 53 ilipita kabla ya Ronald Ross, mwaka 1897, kuonyesha kwamba vijidudu vya malaria hukaa ndani ya mbu. Krapf hakuwa na la kufanya. Wewe leo unalo: chandarua kwa mama mjamzito, na vile vidonge vya kuzuia malaria anavyopewa kliniki hapa Pwani. Je, wajua kama mkeo amevipata?

Liko pia jambo la kukawia. Mama huvuja damu nyingi baada ya kuzaa, na damu haingoji. Kumbe nyumbani watu wanashauriana: mume yuko kazini Kilindini, mama mkwe hataki kuamua, fedha ziko ndani ya sanduku na ufunguo haujulikani ulipo, na yule aliye Likoni bado ana kivuko mbele yake. Mke mtu mzima aweza kukubali upasuaji kwa kauli yake mwenyewe; lakini wako wanaogopa kumpeleka hospitali kwa kuwa bwana hajasema. Basi sema sasa, kabla ya siku yenyewe. Sema mbele ya mama yako mzazi na mbele ya jirani mwenye gari: "Akishikwa na uchungu nisipokuwapo, msiningoje." Weka nauli mahali anapopajua. Zungumza na ndugu wawili watatu walio tayari kutoa damu ikihitajika.

Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 inampa baba majuma mawili ya likizo yenye mshahara. Wengi hawaiombi, wengine huiomba wakaenda kuangalia shamba! Na mwaka 2018 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kwamba mama awe na mtu wa kumsindikiza, amtakaye mwenyewe, muda wote wa uchungu. Hapa twakubali kwamba kuna ugumu. Penye vitanda vilivyokaribiana bila pazia, mume wako ni mwanamume mgeni kwa mama wa kitanda cha pili, na heshima yake yapasa kulindwa. Wala si kila mke atakaye mumewe awe pale. Wengine wamtaka mama yao au somo yao. Muulize. Akikutaka na nafasi ikawapo, ingia. Akimtaka mwingine, kaa kwenye benchi, simu yako iwe na chaji, usiende barazani.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyezaliwa na mwanamke mbali na nyumbani kwao, uwaangalie akina mama walio na uchungu usiku huu, na wakunga, na waganga wasiolala. Umkumbuke baba aliyeko melini, na askari wa zamu, na yule aliyemzika mkewe na sasa anajifunza kumpa mtoto maziwa kwa kijiko. Na huyu aliyesimama nje ya mlango, umpe nguvu za miguu mpaka atakapoitwa. Amin.