Sifa za Jengo Humwendea Nani?

Mwaka 2020 jarida la gazeti la Wall Street Journal liliitunuku MASS Design Group, kampuni ya usanifu majengo iliyoanzia Boston, kwa ubunifu wake. Miaka miwili baadaye Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani nayo ikaipa tuzo. Lakini jina la kampuni hiyo lilianza kuvuma kutoka Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ilikofunguliwa hospitali ya wilaya mwaka 2011.

Picha zilizozunguka dunia zilionyesha kuta za mawe ya volkano na milima ya kijani. Picha nzuri, sibishi. Ila uzuri hasa wa hospitali ile haupigiki picha kirahisi. Korido ziko nje, wagonjwa wa kifua wasije wakasongamana ndani wakivuta pumzi za wenzao. Feni kubwa na madirisha ya juu huipa hewa chafu pa kutokea. Vitanda vimepangwa katikati ya wodi, si ukutani, mgonjwa akifumbua macho aone nje.

Na mawe yale? Kwa wakulima yalikuwa kero ya shambani. Mafundi wa hapohapo waliyachonga na kuyapanga kwa mkono, ustadi ukiongezeka kadiri kuta zilivyopanda. Magazeti yaliwataja wasanifu. Majina ya waashi uyatafute kwa tochi. Tuzo ni haki ya kampuni, sina ugomvi nayo. Lakini baadhi ya waashi wale waliitwa baadaye kwenda kujenga kwingine, na habari hiyo pekee ingejaza ukurasa mzima wa gazeti.