Mpangaji, Mwenye Nyumba na Karatasi Moja

Nizungumzie kidogo wapangaji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Benki zilifungwa Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji. Mikataba ya nyumba haikufa nazo. Kwa kanuni za jumla za mikataba, inatawaliwa na dekreti ya 30 Julai 1888, ya enzi za Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na kifungu cha 33 kiko wazi: mapatano halali ni sheria kwa walioyafanya, na hayavunjwi ila kwa ridhaa yao au kwa sababu inayokubalika kisheria.

Basi mpangaji wa Kadutu, mjini humo, ambaye mshahara wake umekwama benki bado anadaiwa kodi yake. Kama kweli kizuizi kilikuwa nje ya uwezo wake, anaweza kuepuka fidia ya kuchelewa. Deni lenyewe, kwa maoni yangu, linabaki.

Lakini mwenye nyumba naye amefungwa na karatasi ileile ya mkataba. Kubadili kufuli usiku na kutupa godoro barabarani si haki yake, hata akidai miezi mingapi. Dekreti inamtaka aombe mahakamani mkataba uvunjwe, na hakimu anaweza kumpa mpangaji muda. Ugumu ni kumpata hakimu huyo, maana shughuli za mahakama za dola zilikwama mji ulipotekwa.