Godoro Kuukuu Si Mzigo wa Kutupa

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Palma na Mocímboa da Praia hadi kisiwa cha Ibo, godoro si kitu kidogo. Ni miongoni mwa mali za kwanza zinazotafutwa na vijana wanaoanza maisha ya ndoa, na mara nyingi ni miongoni mwa zile zinazobebwa kichwani watu wanapokimbia hatari. Lakini godoro hilo hilo likichakaa hugeuka kuwa mzigo usio na mwenyewe. Hutupwa nyuma ya nyumba, mikokoni au jaani, na kila mtu hupita akidhani ni kazi ya mwingine kuliondoa.

Zamani jambo hili halikuwa tatizo. Magodoro ya pwani yalijazwa sufi, pamba au makumbi ya nazi. Yalipogandamana, fundi aliitwa, akayafumua, akaanika yaliyomo juani, akayachambua na kushona upya. Kilichoshindikana kilioza kikarudi kuwa udongo. Mambo yalibadilika ilipokuja sponji. Kemikali inayotengenezewa sponji hiyo ilibuniwa Ujerumani mwaka 1937, na malighafi yake hutokana na mafuta ya petroli. Sponji ni nyepesi, nayo hubebeka kwa urahisi. Lakini haiozi upesi kama sufi, na jaani hushika nafasi kubwa kuliko uzito wake.

Uzito wa suala hili unazidishwa na yale yaliyoupata mkoa huu. Vita vilianza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017. Kimbunga Kenneth kilipiga mwezi Aprili 2019, na Palma ikashambuliwa mwezi Machi 2021. Mwaka 2022 idadi ya watu waliokuwa wameyahama makazi yao ilifikia karibu milioni moja. Wengi wa waliorejea walikuta nyumba zimebomoka na vyombo vimeharibika. Anayejenga upya hana budi kununua upya, na kila kitu kipya kina siku yake ya kuchakaa. Mji unaojengwa upya bila kufikiria taka zake unajijengea na jaa ubavuni.

Wako wanaosema dawa ni kiberiti. Hilo ni kosa la hatari. Sponji ikiungua hutoa moshi wenye hewa za sumu, zikiwamo kaboni monoksidi na sianidi, na wa kwanza kuuvuta ni watoto wanaocheza karibu. Kuacha jaa likue nako si salama. Mwezi Februari 2018, jaa la Hulene mjini Maputo liliporomoka usiku wa mvua kubwa, likafukia nyumba na kuua watu wasiopungua 16. Waliokufa walikuwa maskini waliokosa mahali pengine pa kuishi.

Nchi nyingine zimetafuta njia. Katika jimbo la California nchini Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka 2013 inamtaka mnunuzi wa godoro jipya alipe ada ndogo, na fedha hizo hugharimia kufumua magodoro ya zamani. Chuma, sponji, kitambaa na mbao hutenganishwa na kutumiwa tena. Pwani ya Cabo Delgado haihitaji kungoja mitambo mikubwa ili kuanza. Kazi yenyewe inataka kisu, sindano na kivuli. Springi za chuma zina kazi kwa wahunzi. Sponji iliyo safi hukatwakatwa ikajaza mito, viti na kikalio cha nyuma cha baiskeli. Kitambaa kizima hushonwa mifuko.

Tahadhari ni lazima. Godoro lililotoka wodini, au lililooza kwa maji machafu, lisirudishwe majumbani kwa sura ya mto mpya. Lenye kunguni litengwe, lisichanganywe na mengine. Anayefumua afunike pua na mdomo, maana vumbi lake hudhuru mapafu.

Swali kubwa ni la ujira. Fundi anayepunguza mzigo wa jaa anafanya kazi ya mji mzima, wala haifai kumtegemea aishi kwa kuuza mito peke yake. Mjini Maputo, ada ya taka hulipwa pamoja na umeme. Pale ambapo ada ya namna hiyo inakusanywa, ni haki sehemu yake imfikie fundi kwa kila godoro analolifumua, na manispaa itenge mahali penye paa pa kuyapokea, kabla mvua hazijayalowesha yasifae tena.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Watu wa pwani hii walijua kulitunza godoro hata uzeeni mwake. Ujuzi huo haujapotea. Unangoja kupewa heshima, mahali na malipo yake.